Uzi: Asilimia 44 na mtoto aliyeogopa lifti. Ian alishindwa na imani au na hesabu yake mwenyewe?

#1 MwanaNyawera (Bukavu)
Jambo wapenzi wa sinema. Naleta hoja kuhusu I Origins ya Mike Cahill, ile ya 2014 iliyopata tuzo ya Alfred P. Sloan pale Sundance. Kwa ambaye hajaiona, na anisamehe maana nitaifunua yote: Ian ni mtafiti wa jicho, haamini kitu asichoweza kupima. Anampenda Sofi, mwanamke wa imani. Sofi anakufa katika ajali ya lifti. Miaka saba baadaye mashine inakuta macho ya Sofi kwa mtoto wa kike huko India, Salomina. Ian anamfuata, anamwekea picha mezani achague zile ambazo Sofi angechagua. Mtoto anapata asilimia 44. Ian anaona ni bahati tu, anakata tamaa. Wakitoka, mlango wa lifti unafunguka, mtoto anapiga kelele na kumng'ang'ania.

Hoja yangu ni hii: alikuwa na ushahidi wa namna tatu, yaani jicho, picha na lifti. Akaupima mmoja tu kwa namba, na ulipotoka dhaifu akataka kufunga kesi nzima. Asilimia 44 ni zaidi ya bahati tupu. Mtu wa sayansi hakimbii kwenye zaidi ya bahati. Mnasemaje?

#2 HesabuKwanza (Lubumbashi)
Kaka, neno "zaidi ya bahati" lina kipimo chake. Tuseme maswali ni 25 na kila swali lina picha 3. Anayebahatisha atapata wastani wa 8.3. Asilimia 44 ya 25 ni 11. Sasa uliza: watoto 100 wasiomjua Sofi wakibahatisha, wangapi watafika 11 au zaidi? Nimepiga hesabu ya binomia, ile ya kupima nafasi za bahati: karibu 18. Yaani mmoja kati ya kila watoto sita hivi.

Ili ushuke chini ya 5 kwa 100, mtoto alihitaji 13. Ili ushuke chini ya 1 kwa 100, alihitaji 15.

Lakini angalia, hapa sikuungi mkono wala sikupingi. Asilimia 44 ileile kwenye maswali 100 ingekuwa jambo jingine kabisa: bahati inaifikia karibu mara 2 tu kwa 100. Kosa la Ian si kukata tamaa. Kosa lake ni kwenda mpaka India na maswali 25.

#3 FundiWaIrisi (Goma)
Kwanza tusahihishe jina. Wengi huandika "mboni". Mboni ni lile tundu jeusi la katikati linalopanuka gizani. Kinachopimwa ni duara la rangi linaloizunguka, hiyo ndiyo irisi.

Pili, filamu inatuonyesha rangi, tunavutwa na rangi za macho ya Sofi. Mashine halisi haitazami rangi kabisa. Njia iliyotumika zaidi duniani ni ya John Daugman wa Cambridge, hati yake ya ugunduzi ilitoka 1994. Inafanya hivi:

Kamera inapiga picha kwa mwanga wa infraredi, nanomita 700 hadi 900, picha ya kijivu. Sababu ni melanini, ile rangi asilia ya mwili: kwenye jicho jeusi kama yetu hapa, mwanga wa kawaida unamezwa na huoni nyuzi za ndani, infraredi inapenya na nyuzi zinaonekana. Programu inatafuta ukingo wa mboni na ukingo wa nje wa irisi, inaondoa sehemu zilizofunikwa na kope na pale taa inapong'aa, kisha inageuza nyuzi kuwa biti 2048, yaani alama za sifuri au moja. Biti hizo zinalinganishwa na za jicho jingine. Sehemu ya biti zisizolingana ndiyo umbali wa Hamming. Macho mawili yasiyohusiana yanatofautiana karibu nusu, 0.5. Ukipata 0.32 au chini, kawaida mashine inasema ni jicho moja.

Kwa hiyo Sofi angekuwa na macho ya rangi yoyote, mashine isingejali.

#4 Katuba_Yetu
HesabuKwanza, wewe mchumba akikuambia anakupenda utamwomba maswali mangapi? Mia moja?

Lakini kweli, filamu inaanza kama ya mapenzi, inakuwa ya maabara, halafu inakuwa safari ya kumtafuta mtu. Kila sehemu ina aina yake ya ushahidi. Kwenye mapenzi ushahidi ni mguso. Kwenye maabara ni namba. Sioni kwa nini namba ipewe cheo cha hakimu wa zote.

#5 HesabuKwanza
@Katuba_Yetu Arobaini zingetosha, kama kila moja ina majibu manne.

#6 Mwanafunzi_Kamalondo
Swali kwa Fundi: lakini mapacha wa kufanana si wana irisi moja? Mbuyi na Kabanga waliotoka yai moja wana jeni zilezile. Basi irisi kulingana inaweza kuwa ya kijeni tu, haihitaji roho kuhama.

#7 FundiWaIrisi
Hapana ndugu. Hilo ndilo watu wengi wanakosea. Daugman alilinganisha irisi za mapacha wa yai moja: umbali wao ulikuwa karibu 0.5, sawa na watu wasiojuana. Na zaidi ya hapo: jicho lako la kulia na la kushoto yana jeni zilezile, lakini nayo yanatofautiana kama ya wageni. Jeni zinaamua rangi na umbile la jumla. Nyuzi, mikunjo na vishimo vinatokea kwa fujo za ukuaji tumboni. Irisi inaanza kuumbika mwezi wa tatu wa mimba, na nyuzi zake karibu zote zimekamilika mwezi wa nane.

Na hapo ndipo filamu ilichagua vizuri. Ingetumia sura au kundi la damu, kila mtu angesema ni urithi. Nyuzi za irisi hazirithiwi. Mwandishi alitafuta alama ya mwili ambayo sayansi yenyewe inasema haiwezi kujirudia, kisha akairudisha.

#8 Mwalimu_wa_Biolojia (Bukavu)
Niongeze upande wa mdudu, maana watu wanausahau. Kazi ya Ian na Karen, msaidizi wake wa maabara ambaye baadaye anakuwa mkewe, ni kumtafuta kiumbe asiye na macho lakini mwenye PAX6, jeni inayoanzisha ujenzi wa jicho, ili waonyeshe kwamba jicho linaweza kujengwa hatua kwa hatua. Filamu inafanya kana kwamba huo ni ugunduzi wa mwisho wa dunia. Ukweli ni kwamba mnyoo mdogo C. elegans, anayefugwa maabara nyingi duniani, hana macho na ana jeni ya ukoo wa PAX6. Hajafichika.

Nguvu ya jeni hiyo ilionekana wazi 1995, Basel, Uswisi, kwenye maabara ya Walter Gehring. Waliiwasha jeni hiyo ya nzi mahali pasipo pake, wakapata nzi wenye macho kwenye miguu, mabawa na vipapasio. Na hata jeni ya panya iliota jicho kwenye nzi, ila jicho la nzi, si la panya. Jeni inatoa amri "jenga jicho". Mwili wa mwenyeji unajua jicho la aina gani.

Halafu mwaka mmoja kabla, 1994, Nilsson na Pelger walipiga hesabu: kutoka kipande bapa cha chembe zinazohisi mwanga mpaka jicho lenye lenzi, hatua 1829 za mabadiliko ya asilimia 1 kila moja. Kwa makadirio ya pole kabisa ni vizazi 364,000 hivi. Kwa viumbe wadogo wa baharini wanaozaa kila mwaka, ni chini ya miaka nusu milioni.

Kwa hiyo ile hoja ya "jicho ni gumu mno, lazima liwe na Mungu" ilikuwa na majibu kabla Ian hajashika darubini. Hii ndiyo sehemu dhaifu ya filamu kwangu. Inamfanya mwanasayansi apigane vita vilivyokwisha.

#9 MwanaNyawera
Aksanti Mwalimu. Lakini Sofi hakubishana kuhusu hatua 1829. Alimwambia Ian kuhusu minyoo isiyo na hisi ya mwanga: mwanga upo pande zote, wao hawana cha kuuonea. Je, sisi hatuwezi kukosa hisi fulani vilevile? Hilo hesabu za Nilsson hazilijibu.

#10 Mwalimu_wa_Biolojia
Ni mfano mzuri, na unamgeukia Sofi. C. elegans asiye na macho aligunduliwa 2008 kwamba anakimbia mwanga. Ana protini moja, LITE-1, inayonasa mwanga wa zambarau na ule wa ujuu-zambarau bila jicho lolote. Tulijuaje? Tulimulika, tukahesabu wangapi wanarudi nyuma. Hisi iliyofichika bado inaacha alama kwenye tabia, na tabia inahesabika. Kama kuna hisi ya roho, nayo ingetakiwa iguse kitu fulani.

#11 Mama_Maandiko (Lubumbashi)
Wanangu, mnatumia neno "kuzaliwa upya" na mnatuchanganya sisi wa kanisa. Kwa Kiswahili chetu "kuzaliwa mara ya pili" ni Yohana 3. Na angalieni, Nikodemo ndiye aliyeuliza lile swali la filamu: mtu mzee anawezaje kuingia tena tumboni mwa mama yake? Yesu akamjibu kwa maji na Roho, si kwa tumbo jingine. Hili la filamu tuliite kurudi katika mwili mwingine, tusilibatize jina la watu.

Waebrania 9:27 inasema mtu amewekewa kufa mara moja, na baada ya hapo hukumu. Kwa anayeamini hivyo, kesi ya Salomina haianzi.

#12 Msomaji_wa_Birere (Goma)
Mama, shikamoo. Lakini kanisa la kwanza liliamini watu wanarudi, mpaka mtaguso wa Konstantinopoli wa 553 ulipofuta.

#13 Mama_Maandiko
Marahaba mwanangu. Hiyo inazunguka sana lakini haiko hivyo. Kilichokataliwa 553 ni mafundisho yaliyohusishwa na Origene, mwalimu wa kanisa la kale, kwamba roho zilikuwapo kabla ya miili. Roho kuwapo kabla ni jambo moja, roho kuhama mwili hadi mwili ni jambo jingine. Na Origene mwenyewe, akieleza Mathayo kuhusu Eliya na Yohana Mbatizaji, alikataa kwamba roho ya Eliya ilihamia kwa Yohana. Kamata Yohana 1:21 pia, pale walipomuuliza Mbatizaji kama yeye ni Eliya, akasema siye.

#14 Ndoyi_ya_Babu (Lubumbashi)
Mnaenda India na Konstantinopoli, na hapa nyumbani mnapita tu. Kwa Wabemba kuna mupashi, roho ya mzee aliyekufa ambayo inamsimamia mtoto anayezaliwa, na mtoto anapewa jina lake. Kwetu Kongo mwenye jina lako ni ndoyi wako, na mtoto mwenye jina la babu anaweza kuitwa "babu" na mama yake mzazi, kwa heshima kamili.

Sasa tazama tofauti na filamu. Babu mmoja anaweza kuwa na ndoyi watatu kwa wajukuu wake, wote hai, wote wa kwake, na hakuna anayeona mgongano. Haingewezekana kama ni "mtu mmoja amehamia mwili mmoja". Ni zaidi kama ulinzi na undugu unaoendelea. Hakuna mjukuu anayefanyiwa mtihani wa picha 25. Jina linamfanya kuwa ndoyi, halafu malezi yanafuata.

Ian alienda na dhana ya moja kwa moja: Sofi mmoja, Salomina mmoja, na jicho ndilo hati. Hiyo ni imani mojawapo kati ya nyingi. Filamu ilipima hiyo tu.

#15 Katuba_Yetu
#14 umenifungua. Sasa je, akipatikana mtoto wa pili mwenye irisi za Sofi, Brazil kwa mfano? Ian agawanye mapenzi?

#16 FundiWaIrisi
@Katuba_Yetu, umeuliza kwa utani lakini ni swali la kazi kabisa. Kwa kikomo cha 0.32, Daugman alikadiria mlinganisho wa uongo 1 kwa milioni 26. Inaonekana ndogo sana. Lakini Ian halinganishi jicho moja na jicho moja. Anatupa jicho moja kwenye hazina ya dunia nzima. India peke yake, kwenye Aadhaar, mfumo wao wa namba za utambulisho, walianza kutoa namba 2010 na sasa wameandikisha watu zaidi ya bilioni moja, vidole kumi na irisi mbili kwa kila aliyefika miaka 5. Tafuta jicho moja kwenye macho bilioni moja kwa kikomo cha 0.32: unapata milinganisho ya uongo kama 38. Si mmoja. Thelathini na nane.

Ndiyo maana anayetafuta kwenye hazina kubwa anabana kikomo. Kwa 0.30 ni 1 kwa bilioni 1.5. Kwa 0.28 ni 1 kwa bilioni 100, hapo utakosea mara moja kila utafutaji 100 wa macho bilioni. Ukibana zaidi unaanza kuwakataa wenye macho yao halali, kwa sababu picha mbaya inapandisha umbali.

Mfano wa picha mbaya ni ule wa msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, aliyepigwa picha 1984 na kuwekwa kwenye jalada la National Geographic Juni 1985. Alipopatikana 2002, Daugman alilinganisha picha za karatasi za miaka 18 kabla: jicho moja 0.24, jingine 0.31. Mtu yuleyule, lakini jicho moja lilikaribia kikomo.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza Ian ni: umbali ulikuwa ngapi, na ulitafuta kwenye macho mangapi? Na je, ni jicho moja au yote mawili? Maana kulia na kushoto hayategemeani, yakilingana yote mawili unazidisha, na hapo bahati inakufa kabisa.

#17 HesabuKwanza
#16 ndiyo posti niliyokuwa naisubiri. Filamu inatuonyesha mlinganisho kama muujiza, kumbe kwa kikomo legelege, hazina ya bilioni inakupa "Sofi" 38 bila roho yoyote. Mtihani wa picha ndio ungetenganisha 38 hao.

#18 Dada_Himbi (Goma)
Na mtoto mchanga wa Ian na Karen, Tobias, ambaye macho yake yalionekana yanalingana na ya mkulima aliyekufa? Hilo linawezekana kupimwa?

#19 FundiWaIrisi
Ni gumu kuliko la Salomina. Mtoto mchanga anafumba macho, hatazami kamera, na anapotazama ni sekunde tu. Aadhaar hawachukui irisi wala vidole chini ya miaka 5, na wanasasisha tena akifika 15. Muuguzi anaweza kupata picha akiwa ameshikwa vizuri na kope zikiinuliwa, lakini sehemu iliyofunikwa ni kubwa, na biti chache maana yake umbali unayumba zaidi.

Na lile tukio baada ya majina ya mwisho wa filamu, wanapopima macho ya watu mashuhuri waliokufa kutoka kwenye picha: irisi inahitaji angalau pikseli 70 kutoka katikati mpaka ukingo, yaani 140 kwa upana. Irisi ina milimita 12 hivi, uso milimita 140. Piga hesabu: uso wenyewe lazima uwe na pikseli zaidi ya 1600 kwa upana, zenye ukali wa kweli, si za kukuza tu. Picha ya gazeti la zamani ina vitone vya wino. Huko unapima vitone.

#20 Mhariri_wa_Picha (Bukavu)
Naingia kwa upande wa sinema. Watu wote wanabishana kama lifti ni ushahidi. Kihadithi, lifti ni kitu kilichopandwa kwenye sehemu ya mapenzi na kuvunwa kwenye sehemu ya sayansi. Ni njia ya kuzishona aina mbili za filamu bila maneno.

Na angalia ujanja wenyewe. Kila kitu kilicho kwenye mtihani wa picha, Ian alikichagua. Lifti hakuichagua. Kwa hiyo inaonekana safi, haijaguswa na mikono yake. Lakini sisi watazamaji tulimwona Sofi akifa. Mtoto anapopiga kelele, sisi ndio tunaojaza maana. Mtu aliyeingia ukumbini dakika tano za mwisho angeona mtoto amechoka, yuko na mgeni, mlango wa chuma umefunguka wenyewe. Angesema: mtoto ameogopa.

#21 MwanaNyawera
Lakini Mhariri, ameogopa namna ile? Si kusitasita, ni kama anaijua.

#22 Dada_Himbi
Tupo Goma. Mtoto aliyezaliwa baada ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021 anaruka ardhi ikitikisika kidogo, kabla hajaweza kutamka neno volkano. Hatusemi alikufa 2021. Ameona mikono ya mama yake ikikaza. Hofu inahama kwa macho na mikono, haraka sana. Ian alikuwa amemshika yule mtoto. Mwanamume ambaye mpenzi wake alikufa kwenye lifti, akasimama mbele ya lifti. Mnafikiri mkono wake ulitulia?

#23 Katuba_Yetu
Hapo umenigusa. Sikuwa nimemfikiria yeye.

#24 HesabuKwanza
#22 ni jambo lenye jina. Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, farasi Hans alijibu hesabu kwa kugonga kwato. 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi alikuwa anasoma mwili wa muulizaji: muulizaji akiwa hajui jibu, Hans naye hajui. Ian ndiye aliyeshika picha, na Ian ndiye aliyejua majibu. Basi hata ile 11 ina uchafu. Na bado ilitoka 11 tu!

Mtihani wa haki ungeenda hivi. Picha 40 za kweli, kila moja na picha 3 za uongo za aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja. Si picha ya Sofi yenye mwanga mzuri karibu na tatu mbovu. Za uongo zichaguliwe na mtu asiyejua kesi. Mahali pa jibu paamuliwe kwa dadu. Anayemwonyesha mtoto asijue jibu, na Ian asiwe chumbani. Watoto 10 wengine wa mtaa uleule, umri uleule, wafanye mtihani uleule, maana pengine kuna picha ambazo kila mtoto anazipenda. Na kiwango kiandikwe kwenye karatasi kabla: alama 20 au zaidi kati ya 40. Bahati inafika hapo chini ya mara 1 kwa 1000.

Mtoto achoke? Gawanya siku mbili, 20 na 20, ila usiangalie alama za siku ya kwanza.

#25 Msomaji_wa_Birere
Watibeti walikuwa na mtihani wao kabla ya sisi wote. Dalai Lama wa 14, aliyezaliwa 1935, alipatikana akiwa na miaka miwili hivi. Walimwekea vitu vya Dalai Lama aliyetangulia, tasbihi, fimbo, kila kimoja na cha kufanana kisicho chake, akachagua vya kweli.

#26 HesabuKwanza
Kila jozi ni nusu kwa nusu. Jozi nne ni 1 kwa 16. Na wapimaji walijua kipi ni cha kweli. Sisemi waliiba, nasema Pfungst angewatoa chumbani.

#27 Dharma_na_Sinema (Lubumbashi)
Tusiweke Wahindu na Wabuddha chungu kimoja. Kwa Mhindu wa Gita, kitabu chao kitakatifu, sura ya 2, aya ya 22, nafsi inavua mwili kama mtu anavyovua nguo kuukuu na kuvaa mpya. Aliye ndani ni yuleyule. Kwa Mbuddha hakuna wa kuvua. Milinda Panha, kitabu cha kale cha Wabuddha, inatoa mfano wa taa inayowaka usiku kucha: mwali wa zamu ya kwanza na wa zamu ya mwisho, si uleule, wala si mwingine. Kinachoendelea ni mfuatano wa sababu.

Kwa hiyo asilimia 44 inamuumiza Mhindu kuliko Mbuddha. Na hata Mhindu atakuambia kinachobaki ni samskara, mielekeo iliyochongwa, si albamu ya picha. Hofu ya lifti ni mwelekeo. Ian alipima kumbukumbu, filamu ikamjibu kwa mwelekeo.

#28 Mtafiti_Ibanda (Bukavu)
Naona hakuna aliyemtaja Ian Stevenson, na nashangaa, hata jina la mhusika linafanana. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Chuo Kikuu cha Virginia. Alikusanya kesi zaidi ya 2500 za watoto wanaosema walikuwa watu wengine, kitabu chake cha kesi ishirini kilitoka 1966, na 1997 akatoa kikubwa kuhusu alama za kuzaliwa nazo na majeraha ya marehemu. Alifariki 2007.

Mtindo anaoueleza unahusu filamu yetu moja kwa moja. Watoto wanaanza kusema wakiwa na miaka 2 hadi 4. Wanaacha wakifika kama 5 hadi 8, kumbukumbu zinafifia. Na baadhi yao wana hofu inayolingana na kifo kinachodaiwa: aliyezama anaogopa maji. Hofu inaweza kubaki hata maneno yakipotea.

Mtazame Salomina. Ana miaka saba hivi. Maneno na picha vimefifia, hofu imebaki. Alama ndogo mezani na kelele mbele ya lifti ndicho hasa kitabu cha Stevenson kingetabiri. MwanaNyawera ana haki zaidi ya alivyojua.

#29 Mwalimu_wa_Biolojia
Mtafiti, nakuheshimu, lakini ona unachofanya. Akipata 80, karudi. Akipata 44, karudi na amesahau. Ni alama gani ingekufanya useme hajarudi? Nadharia isiyoweza kukosa haijasema kitu.

Na kesi za Stevenson zina ugonjwa unaojulikana: nyingi alizifikia baada ya familia mbili kukutana tayari, kupitia wakalimani, mahali ambapo kurudi kunaaminika. Baada ya familia kukutana, huwezi tena kujua mtoto alisema nini kabla na nini baada.

#30 Mtafiti_Ibanda
Nakubali la familia kukutana, ndiyo maana zile chache zilizoandikwa kabla ndizo za thamani. Na kuhusu kukosa: Stevenson mwenyewe alijiwekea mtego. Alifunga kufuli la namba kwenye kabati la ofisi yake, neno la siri akaondoka nalo, akisema akiweza atalipeleka kwa mtu baada ya kufa. Hicho ni kipimo kinachoweza kukosa. Sijasikia kwamba kufuli limefunguliwa.

#31 Mama_Maandiko
Neno la siri la kufuli ni jambo dogo la kurudishia mtu kutoka kwa wafu. Hata yule tajiri wa Luka 16 hakuruhusiwa kutuma ujumbe kwa ndugu zake watano.

#32 Katuba_Yetu
Mama amefunga goli hapo.

Nirudi kwa mtihani wa HesabuKwanza, maana nimeusoma mara mbili. Majibu sahihi yanatoka wapi? Sofi amekufa. Ufunguo wa majibu uko kichwani mwa Ian, na ni kumbukumbu ya miaka saba ya mtu aliyempenda. Mtu aliyempenda anakumbuka vibaya, anamkumbuka mzuri zaidi.

#33 HesabuKwanza
Sikuliweka hilo, na linabadilisha namba. Ngoja.

Tuseme ufunguo wa Ian una makosa 1 kwa 5. Tuseme mtoto anakumbuka kweli sehemu moja ya tano ya mambo ya Sofi, mengine anabahatisha kwenye picha tatu. Anayoyakumbuka: asilimia 20, lakini zinasahihishwa vizuri 16 tu. Anayobahatisha: asilimia 80, theluthi yake ni 26.7. Jumla 42.7. Kwa maswali 25, hiyo ni alama 10 au 11.

Mtoto asiyejua chochote, akiwa na bahati kiasi, anafika 11. Mtoto anayekumbuka sehemu moja ya tano, mbele ya mwanamume anayekumbuka vibaya, naye anafika 11. Kwa maswali 25 siwezi kuwatenganisha.

#34 MwanaNyawera
Na kwa maswali 40?

#35 HesabuKwanza
Kwa majibu manne atafika 14 hivi, na kiwango tulichoandika ni 20. Angeanguka. Inabidi maswali mia kadhaa, na mtoto wa miaka saba hawezi kukaa. Labda kwa siku nyingi, picha kumi kumi. Mtu mwingine atunge ufunguo kutoka kwenye barua na picha za Sofi mwenyewe, Ian asiulizwe.

#36 Dada_Himbi
Siku nyingi, basi mtoto apewe pa kulala kwanza, ghorofa ya chini.